Shangazi wa Serikali

Nchi ya Sitirika ipo, msomaji, wala usijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Haina dhahabu, haina mafuta, na mvua yenyewe hunyesha ikijisikia. Ila aibu inayo, tena tele. Kama aibu ingekuwa inauzwa nje, watoto wa Sitirika leo wangekuwa wanakunywa chai ya maziwa asubuhi na jioni. Huko daktari akitaka kukupima tumbo hugeuka akatazama dirishani, na wewe mgonjwa ukatazama dirisha la upande wa pili, ndiyo maana watu wengi wa huko wametibiwa maradhi ya jirani zao.

Basi katika nchi hii yenye heshima zake, wasichana wa shule wakaanza kupata mimba. Serikali ikashtuka sana, kwa sababu taarifa zake za kila mwaka zilionyesha wazi kwamba mambo yanayoleta mimba hayakuwapo nchini. Bunge likaitwa kwa dharura.

"Mheshimiwa Spika," akasema mbunge mmoja mwenye tai pana, "haya mambo ni ya kuletwa. Hapa kwetu hayajawahi kutokea."

"Mheshimiwa ana watoto kumi na mmoja," akakumbusha mwenzake.

"Wale nimepewa na Mungu," akajibu mwenye tai. "Na nakuomba usimwingize Mungu katika siasa."

Wakabishana juma zima. Mmoja akasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, kwa hiyo akina mama wafundishe. Akina mama wakajibu kwamba midomo yao ni mizito, afadhali walimu. Walimu wakasema wao wameajiriwa kufundisha uzazi wa maua, na mwisho wao ni hapo kwenye maua. Viongozi wa dini wakasema wao wanashughulika na roho, mwili una wizara yake. Mbunge mmoja bibi kizee akasimama akaanza, "Waheshimiwa, mficha uchi..." Hakumaliza. Spika alimtoa nje kwa kosa la lugha chafu, na methali ile ikafutwa vitabuni, ikabaki neno la mwisho tu. Hata sasa watoto wa Sitirika huulizwa kwenye mtihani wafafanue methali isemayo "Hazai."

Mwishowe likapita azimio kwa kura zote: elimu ile ifundishwe kikamilifu, katika shule zote, bila ya mtu yeyote kuitaja.

Ndipo Waziri wa Elimu na Heshima, Mheshimiwa Ngwasuma, akasimama akakohoa kikohozi cha kiserikali. "Ndugu zangu," akasema, "tunahangaika nini? Mila zetu zina jibu. Tunao shangazi!" Wabunge wakagonga meza mpaka glasi za maji zikamwagika.

*

Katika mtaa wa Magengeni alikuwapo mwanamke wa makamo jina lake Sikitu. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, kimoja chake na kingine cha hakuna mtu. Mume alikuwa naye zamani. Huyo mume alikwenda mji mwingine kutafuta kazi, akaipata, na pamoja na kazi akapata mke. Watoto Sikitu hakujaliwa. Nduguye alikuwa mmoja, mdogo wake Hamduni, fundi cherehani, na Hamduni alikuwa na binti aitwaye Zamda, msichana wa kidato cha pili, mrembo wa meno na mwingi wa maswali.

Sasa mila ya Sitirika ilikuwa hivi. Mzazi hasemi na mwanawe mambo ya mwili. Mama akijaribu, kikohozi humshika. Baba akijaribu, hukumbuka kwamba kuna mtu alimwahidi kumwona. Kazi hiyo ni ya shangazi, dada yake baba, nayo hufanywa wakati wa kusuka nywele. Msichana huketi mkekani, kisogo kwa shangazi, uso ukutani. Yeye haoni macho ya shangazi na shangazi haoni ya kwake. Mikono inasuka, midomo inazungumza. Swali ambalo mtoto hawezi kulitoa mbele ya uso wa mtu, mbele ya ukuta hutoka lenyewe. Wavulana nao walikuwa na mjomba, mjomba na wembe wa kunyolea, na kichwa kilichoinama huuliza mengi.

Kila Jumamosi Zamda alikuwa anakuja kwa shangazi yake kusukwa. Siku alipoiona damu yake ya kwanza alikuja analia, akijua anakufa. Sikitu alimkalisha chini, akachukua chanuo, na kabla hajafika nusu ya kichwa alikuwa amemweleza yote: kwamba huu si ugonjwa, kwamba kitambaa kinafungwa hivi na kufuliwa hivi, kwamba kuanzia leo mwili wake unaweza kubeba mtoto na kwa hiyo hapana mtu mwenye ruhusa ya kuuchezea. Kisha wakala mihogo ya kukaanga na pilipili, wakacheka. Siku sita nyingine za juma Sikitu alikuwa akizungumza na sufuria zake. Upweke ulimuuma, nisikufiche. Kuna jioni alikuwa akipika chakula cha watu wawili kwa makusudi, apate tu kusema, "Ah, kimebaki."

Jumamosi moja, mkia wa mwisho wa nywele uko mkononi, Zamda akasema, "Shangazi."

"Naam, mwanangu."

"Mtu mzima akikwambia usimwambie mtu..."

Hapo hapo Hamduni akabisha hodi na kuingia na cherehani yake begani, anamtaka binti akamsaidie mama yake haraka, wageni wamekuja. Zamda akainuka akajipangusa.

"Nitakuuliza Jumamosi," akasema.

Sikitu alibaki ameshika chanuo. Swali lile halikumpendeza hata kidogo. Lakini akajiambia Jumamosi si mbali.

*

Jumamosi haikufika. Katikati ya juma likaja gari la serikali lenye king'ora, wakashuka wataalamu wa wizara waliokuwa wakizunguka mitaani kutafuta shangazi bora. Mtaa mzima ulikuwa umemtaja Sikitu. Wakampa kitenge kipya chenye ngao ya taifa kifuani na nyingine mgongoni, wakamwambia kwamba ameteuliwa kuwa Shangazi wa Serikali katika Shule ya Sekondari Utulivu, shule ya mamia ya watoto, na wote hao watamwita shangazi.

Sikitu akakitazama kile chumba cha pili. Watoto mamia! Akasikia sauti zao zote zikimsalimu kwa pamoja asubuhi. Msimlaumu, jamani. Mwenye njaa hana miiko, na njaa si ya ugali peke yake. Akakubali.

Kiapo kilikuwa uwanjani, mbele ya bendi. Mheshimiwa Ngwasuma alisoma masharti kwa sauti ya kumtikisa mtu utumbo. "Ili kuzuia upendeleo, undugunaizesheni na mgongano wa maslahi," akasema, "Shangazi wa Serikali hatakuwa na mpwa."

Sikitu akanyoosha mkono kwa woga. "Mheshimiwa, samahani. Mimi ninaye mtoto wa kaka, yaani wa mdogo wangu..."

"Ulikuwa naye," akasema Waziri, na kipaza sauti kikalia. "Kuanzia leo huna mpwa. Una taifa!"

Watu wakashangilia, bendi ikapiga. Sikitu naye akatabasamu, maana alidhani ni maneno ya kwenye kipaza sauti tu. Serikali ya Sitirika ilikuwa imekwisha kutangaza uwanjani humo kwamba njaa imepigwa marufuku na kwamba mto utageuzwa upande wa pili, na hakuna aliyeona mabadiliko. Nani angejua kwamba safari hii wamekusudia?

Jumamosi askari wawili wakasimama mlangoni kwake. Sikitu alikuwa ndani, amekwisha tandika mkeka, mihogo iko jikoni. Akasikia sauti ya mtoto nje.

"Shikamooni. Nimekuja kwa shangazi yangu."

"Marahaba. Shangazi yako hayupo."

"Si naliona pazia linatikisika?"

"Huyo ni wa serikali, binti. Sheria imemtoa kwako. Rudi nyumbani."

Sikitu alisimama nyuma ya pazia na ngao yake kifuani. Angeweza kutoka. Mlango ulikuwa wake, na askari wale wote wawili alikuwa akiwajua tangu wanapigwa na mama zao. Lakini kiapo kilikuwa bado kibichi mdomoni, na Jumatatu alikuwa aanze kazi, na wale watoto mamia walikuwa wanamngoja. Akajiambia atamtafuta mtoto kwa njia nyingine. Alipochungulia, Zamda alikuwa amekwisha fika kwenye kona, na chanuo lake mkononi.

Mihogo ile hakuila.

*

Kuhusu somo lenyewe, nitakueleza kama lilivyokuwa, na usiniambie natia chumvi.

Wataalamu wa wizara walikuwa wamekaa semina nzima kuchunguza siri ya shangazi, wakagundua kwamba ni kisogo. "Si mapenzi, si kujuana, si miaka ya kukaa pamoja," akasema Mheshimiwa Ngwasuma akizindua. "Hayo ni mapambo. Kitaalamu, kinachofundisha ni kisogo!" Kwa hiyo ikaamriwa kwamba katika Elimu ya Kisogo wanafunzi wote watageuza viti, waangalie ukuta wa nyuma, na Shangazi wa Serikali aseme na visogo vyao. Kila mwanafunzi akapewa chanuo, hata wavulana walionyolewa upara. Wale wakawa wanayatumia kukunia migongo, na wizara ikaandika kwamba vifaa vinatumika.

Pembeni mwa darasa aliketi Bwana Mtulia, Mkaguzi wa Heshima, mtu mwembamba mwenye kengele. Shangazi akitamka neno la moto, kengele inalia. Na Mwongozo wa kusomea ulikuwa umepikwa ukaiva. Mwanzoni wataalamu waliyaita yale maeneo ya mwili "Kanda ya Kusini," lakini wabunge wa kusini wakatoka nje ya Bunge kwa hasira, ikabidi yaitwe "Eneo Husika."

"Shikamoo, Shangazi wa Serikali!" visogo vikasalimu siku ya kwanza.

"Marahaba, wanangu." Machozi yalimlengalenga. Akafungua Mwongozo. "Kijana anapokua, Eneo Husika hupata mabadiliko husika kwa wakati husika. Kijana asishtuke, bali awasiliane na wahusika."

Kisogo kimoja cha mvulana kikanyoosha mkono. "Shangazi, wahusika ni akina nani?"

Sikitu akaufunga Mwongozo. "Mwanangu, sikiliza. Mwili wako..."

Ngriii!

"Nilitaka kusema damu ya..."

Ngriii! Ngriii!

"Shangazi," akasema Bwana Mtulia kwa huzuni, "heshima."

Yakaenda hivyo muhula mzima. Watoto walikuwa hawamjui uso, wakipishana naye nje ya darasa hawamsalimu kwa sababu hawamtambui. Walimu wakawa wanatoka ofisini mmoja mmoja kila alipoingia, kwa kuogopa asije akawatajia neno la moto. Akikaa kunywa chai, vikombe vya wenzake vinabaki na moshi na viti vitupu. Majirani nao wakamkwepa, maana nani anataka kuonekana kibarazani na mtumishi wa mambo yale? Sikitu aliyetaka kuwa shangazi wa wote alirudi nyumbani kila jioni akiwa na visogo tu kichwani, na alikuwa mpweke kuliko alivyokuwa na sufuria zake. Zamani angalau ilikuwapo Jumamosi.

Na katika visogo vile alikuwamo Zamda. Naam! Serikali haikuona ubaya wa kumwacha darasani humo, kwa kuwa kisheria hawakuwa ndugu. Alikaa mstari wa tatu. Hakuwahi kunyoosha mkono, wala somo likiisha hakugeuka.

Mpaka siku moja akanyoosha.

"Shangazi wa Serikali," akasema, na sauti ilikuwa nyembamba, imebanwa. "Mtu mzima akikwambia usimwambie mtu, unamwambia nani?"

Bwana Mtulia alikuwa ameinua kengele, akabaki nayo hewani. Alilipekua swali zima asione neno la moto. Hakuna mwili, hakuna damu, hakuna Eneo. Jasho likamtoka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukutana na swali safi namna ile, na lilimtisha kuliko yote.

"Mwongozo," akamnong'oneza Sikitu kwa ukali. "Jibu la Mwongozo, au nakuandika leo hii."

Jibu lilikuwa mdomoni mwake Sikitu, la maneno mawili tu. Aliliona hasa, angeweza kulitema. Akamtazama Mtulia, akaitazama kengele. Halafu akasikia sauti yake mwenyewe ikisoma: "Swali lako limepokelewa. Litajibiwa na mamlaka husika kwa wakati husika."

Kile kisogo cha mstari wa tatu kikainama.

*

Usingizi haukuja. Kulipokucha, siku ya Jumamosi, Sikitu aliketi mbele ya chai isiyonyweka akijitukana. Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini yeye hakuwa amemchelea mwana. Alichelea kengele! Mtu mzima, kichwa kizima, anaogopa kengele ya shule! Akavua kitenge cha ngao, akajifunga kanga yake ya zamani, akatoka. Askari hawakumzuia, kwa maana wao waliwekwa kuzuia mpwa asiingie, shangazi kutoka hakukuwa na maelekezo.

Alimkuta Hamduni kwenye cherehani.

"Dada, umefuata nini huku? Sheria..."

"Sheria baadaye. Mtoto yuko wapi?"

"Tuisheni. Kwa Mwalimu Kidunda."

"Jumamosi asubuhi hii? Na nani?"

"Peke yake. Mwalimu anasema ana akili sana, ameamua kumfundisha mbali na wenzake. Tena bure."

"Bure!" Sikitu akapiga makofi. "Hamduni, wewe umezaliwa nchi hii au umeletwa? Tangu lini Sitirika kukawa na cha bure?"

Hakungoja jibu. Mwalimu Kidunda alikuwa mtu mkubwa, mjumbe wa Kamati ya Heshima ya wilaya, mwenye ndevu zilizochongwa na sauti ya kuombea dua. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa pili. Sikitu akakimbia, mwanamke wa umri ule, kandambili moja ikabaki njiani. Alipofika hakubisha hodi, akausukuma mlango kwa bega.

Nakuambia mapema ili roho yako itulie: alifika kabla. Zamda alikuwa ameketi mezani na glasi ya juisi mbele yake na daftari halijafunguliwa, mabega ameyapandisha mpaka masikioni. Mwalimu alikuwa anafunga dirisha. La kwanza alikuwa amekwisha lifunga.

"Inuka," Sikitu akamwambia mtoto, akamshika mkono.

"Wewe mama!" akafoka Mwalimu Kidunda. "Wewe ni nani hata uingie kwa watu namna hii?"

"Mimi ni shangazi yake!"

Alilisema kwa sauti ya juu, mtaa wote ukasikia. Watu walichungulia madirishani, wengine wakaziba midomo. Tena wanasema alirudia mara ya pili, kwa raha tu ya kulisema.

Njiani akamshika mtoto mkono wasiachane. "Sikiliza jibu lako," akamwambia huku akihema. "Unaniambia mimi. Mtu mzima akikwambia usimwambie mtu, huyo huyo ndiye wa kusemwa kwanza. Mimi nisipokuwapo, mwambie mama yako, hata kama atakohoa. Akizidi kukohoa, piga kelele mpaka watu wajae. Umenisikia? Na hukukosa wewe. Hata kidogo hukukosa wewe."

Zamda alikuwa analia bila sauti. Wakaenda hatua kadhaa. Halafu akauchomoa mkono wake taratibu.

"Unaniambia kama nani?" akauliza.

Wakatembea mpaka kwa Hamduni, mmoja upande huu wa njia, mwingine upande ule.

*

Akashtakiwa, bila shaka. Mlalamikaji alikuwa Mwalimu Kidunda, ambaye masomo yake yalikuwa yameingiliwa. Hakuna aliyeuliza mahakamani kwa nini dirisha lilikuwa linafungwa, kwa sababu maneno yote ya kulielezea jambo hilo yalikuwa ya moto, na Bwana Mtulia aliketi mbele na kengele yake magotini. Hamduni alipojaribu kusema alipigiwa kengele mara moja tu, akakaa. Ila siku ile ile ya tukio yeye na wazazi wengine wa mtaani waliwatoa watoto wao kwenye tuisheni ile kimya kimya, na mwalimu akahamishwa mji mwingine, akapewa shule kubwa zaidi.

Hakimu alirekebisha miwani yake, akaeleza kesi kwa Kiswahili kilichopigwa pasi. "Mshtakiwa aliapa kwamba hana mpwa. Kisha akasikika hadharani akijiita shangazi wa mtoto huyu. Sasa, ikiwa ni kweli ni shangazi yake, amevunja kiapo, na adhabu yake ni kifungo cha miaka miwili. Ikiwa si shangazi yake, basi alikuwa afisa wa serikali aliyeingia nyumba ya mtu kikazi, jambo ambalo afisa wa serikali anaruhusiwa wakati wowote, na yuko huru. Mahakama itamuuliza mtoto."

Zamda akaitwa. Alikuwa amevaa sare ya shule. Alisimama ameupa ukumbi kisogo na uso wake kwa hakimu, kwa hiyo Sikitu kizimbani alimwona kwa ubavu tu.

"Binti," akasema hakimu, "mtazame mshtakiwa. Huyu ni nani kwako?"

Zamda akageuka, akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi wawili wale kutazamana macho kwa macho, na nitakuambia alichokuwa akikitaka Sikitu saa ile, maana yeye mwenyewe alikisema waziwazi siku nyingi baadaye. Hakutaka kuachiwa. Moyo wake wote ulikuwa unaomba: sema, mwanangu, sema shangazi, niende nikafungwe. Miaka miwili ni nini? Miaka miwili angeikaa kwenye sakafu ya saruji akihesabiwa ni mtu wa mtu. Alitikisa hata kichwa kidogo, ndiyo, ndiyo, mpaka askari akamwonya.

Zamda akamgeukia hakimu.

"Simfahamu," akasema. "Ni afisa tu."

Ukumbi ukashusha pumzi. Hakimu akagonga meza. Mheshimiwa Ngwasuma, aliyekuwa amekuja na wapiga picha, akainuka kwa furaha akatangaza kwamba huyu ndiye mtumishi wa mfano, mtumishi asiye na mtu, na kwamba mashangazi wote nchini wachukue somo kutoka kwake. Watu wakapiga makofi, na wapiga picha wakamsogelea Sikitu wakamtaka atabasamu.

Kama msichana yule alisema vile kwa hasira ya siku ile ya pazia, au alisema ili amwokoe shangazi yake na jela, Sikitu hajui mpaka leo. Amelipindua usiku na mchana. Kuna siku huamka akiwa na hakika kwamba yalikuwa mapenzi, na jioni hakika hiyo imekwisha kauka. Mtu pekee wa kumuuliza ni Zamda, na sheria inasema hawajuani, na Zamda mwenyewe ndiye aliyeithibitisha.

Hamduni akamshika binti yake bega wakatoka. Waziri akatoka, na bendi nyuma yake. Mtulia akaifunga kengele yake kwa leso asiisikie ikilia njiani. Ukumbi ukabaki mtupu, na mfagiaji akaanza kufagia kutoka nyuma kuja mbele. Sikitu alikuwa bado amesimama kizimbani, mikono yake kwenye ubao, uso wake mlangoni.

Askari akamsogelea. Alikuwa mtu mpole.

"Mama, umeshaachiwa," akamwambia. "Unamsubiri nani?"

"Simsubiri mtu, baba," akasema Sikitu.